Posta imenipotezea, kampuni imenikamua: vifurushi vyangu nitume kwa nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi nafuma. Kofia za watoto wachanga, soksi, na mablanketi madogo ya sufu. Nilianza kwa kuwafumia ndugu na marafiki, picha zikasambaa mtandaoni, na sasa napata wateja hata wa nje ya nchi. Kazi naifanya na mdogo wangu wa kike: mimi nashika sindano, yeye anashika simu, anajibu wateja na kupokea oda. Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye suala la kutuma.

Miezi minne iliyopita nilimtumia mteja wa ng'ambo blanketi. Nililifuma wiki tatu, Shangazi, na pembeni nikatarizi jina la mtoto. Nikaenda posta, nikajaza karatasi ya forodha, karani akabandika lebo ya mistari yenye namba ndefu, akanipa risiti. Namba ilianza na herufi U. Nikampelekea mteja namba hiyo, nikamwambia afuatilie. Kila alipoiingiza hakuona kitu. Nimerudi posta mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nisubiri, ya pili nisubiri, ya tatu karani alinionea huruma tu, hakuwa na la kuniambia. Mteja nimemrudishia hela yake yote. Mtoto ameshazaliwa, anakua, na blanketi lenye jina lake sijui liko wapi.

Baada ya hapo mdogo wangu akasema posta basi. Oda iliyofuata tukaipeleka kwenye kampuni binafsi ya kusafirisha vifurushi. Kwa simu niliuliza bei ya kilo moja, maana blanketi kwenye mizani ya jikoni lilikuwa gramu 900. Nikalikunja, nikaliweka kwenye boksi zuri la sentimita 40 kwa 30 kwa 20, nikajaza karatasi laini pembeni lisichezecheze. Kufika kaunta, kijana akapima boksi kwa futi, akabonyeza kompyuta, akasema kilo tano. Nikamwambia weka kwenye mizani. Akaweka, ikasoma kilo moja na kidogo. Bado akasema kilo tano. Nikalipa, kwa sababu mteja alikuwa anasubiri.

Kilifika kwa siku nne, hilo siwezi kulikana. Lakini mlangoni mteja akadaiwa kodi, pamoja na ada ya kampuni ya kushughulikia forodha. Akasema sikumwambia, akakataa kupokea. Boksi likarudishwa kwangu, na mimi nikaletewa bili ya kulirudisha. Faida ya mwezi mzima ikaishia hapo.

Sasa nyumbani hatuelewani. Mimi naogopa kampuni, mdogo wangu hataki kulisikia neno posta. Juzi tumegombana mbele ya oda sita zilizo tayari. Nne ni kofia na soksi, mbili za humu nchini na mbili za nje. Ya tano ni blanketi la mteja wa nje anayetarajia kujifungua baada ya wiki tano. Ya sita ni ya mteja yule yule wa blanketi lililopotea. Ameniamini tena, ameagiza lingine, na hili sitaki limfikie kwa kubahatisha.

Mdogo wangu anasema kote tuandike "zawadi" na bei ndogo ili wateja wasitozwe kodi. Moyo wangu unasita. Nitume kwa nani, Shangazi?

Wako,
Mfumaji

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako niliisoma jioni, nikairudia asubuhi. Pale uliposema jina la mtoto lilikuwa limetariziwa pembeni, nilisimama. Kazi ya wiki tatu za mikono si ya kujibiwa "subiri" mara tatu. Pole sana.

Naanza na ile herufi U, maana ndiyo iliyokuumiza bila wewe kujua. Namba za posta za kimataifa zina mpangilio mmoja dunia nzima: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka kifurushi. Herufi ya kwanza ndiyo inayokuambia umelipia nini. R ni rejista. V ni pakiti iliyokatiwa bima. C ni kifurushi kamili, kile kinachopita dirisha la vifurushi. E ni EMS, huduma ya haraka ya posta. U ni pakiti ya kawaida kabisa, na lebo yake imewekwa ili watu wa forodha waioanishe pakiti na taarifa ulizojaza. Haikuwekwa ili wewe uifuatilie. Zipo posta zinazoisoma njiani na zipo zisizoisoma, na hakuna anayewalazimisha. Kwa hiyo ulipomwambia mteja afuatilie, ulimpa ahadi ambayo posta yenyewe haikukupa wewe. Karani alipaswa kukueleza dirishani, kabla hujalipa. Lakini kwa kuwa makarani wengi hawaelezi, kuanzia leo wewe ndiye utakayesoma herufi ya kwanza kabla hujaondoka pale.

Pakiti ya kawaida ikipotea haina fidia, kwa hiyo hela ya lile blanketi usiihesabu tena. Blanketi lenyewe ni jambo jingine. Mwombe mteja aende na namba hiyo kwenye ofisi ya posta ya mtaani kwake, aulize kama kuna pakiti iliyosubiri mwenyewe au iliyozuiliwa kwa kodi. Pakiti nyingi tunazoziita zimepotea zilikaa kwenye rafu, muda ukaisha, zikaanza safari ya kurudi. Na kurudi huko mara nyingine ni kwa meli, ndiyo maana miezi inapita. Kama uliandika anwani yako vizuri nyuma, usishangae likikugongea mlango siku usiyoitarajia. Siahidi, lakini nimeshaona.

Sasa huo ugomvi wenu. Mnabishana kana kwamba posta na kampuni binafsi wanauza kitu kimoja kwa bei mbili. Hawauzi kitu kimoja, na kila mmoja wenu amechomwa na kitu tofauti.

Posta ni mapatano ya nchi na nchi. Mwaka 1874 mataifa 22 yalikutana Bern, Uswisi, yakaunda umoja ambao leo ni Umoja wa Posta Duniani, wenye nchi wanachama 192. Kabla ya hapo nchi zililazimika kuelewana mbilimbili, na barua moja ilihesabiwa gharama upya kila ilipovuka mpaka. Tangu hapo nchi moja inapokea vya mwenzake na kuvifikisha. Ndiyo maana kwa posta unaweza kutuma kijiji chochote chenye ofisi au sanduku la posta, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Udhaifu wake unatoka pale pale penye nguvu yake. Pakiti ikishakabidhiwa upande wa pili, posta ya kwenu haina mkono kule. Inaweza kuuliza tu. Yule karani aliyekuonea huruma hakuwa anakuficha kitu. Alikuwa anatazama skrini isiyo na kitu.

Kampuni binafsi imejengwa kinyume chake. Inataka kifurushi kiwe mkononi mwake, au mkononi mwa wakala anayewajibika kwake, kuanzia kaunta mpaka mlangoni. FedEx ilipoanza safari zake Aprili 1973, usiku wa kwanza ilibeba vifurushi 186 kwa ndege ndogo 14, vyote vikapitia mji wa Memphis, Marekani, vikachambuliwa usiku huo huo na kutawanywa tena. Mpaka leo mtindo ndio huo: kampuni ya UPS ina kituo chake Louisville, DHL ina chake Leipzig. Kwa hiyo ukiona kifurushi chako kimepita mji usio njiani kabisa, usipige simu kwa hofu. Kipo kwenye kituo cha kuchambulia. Hicho ndicho ulicholipia siku ile: namba moja, kampuni moja, na mtu mmoja wa kumuuliza. Lakini kampuni haibebi mzigo wa kufika kila mahali kwa bei sawa. Ukituma nje ya miji mikubwa inaongeza ada ya maeneo ya mbali, inaongeza ya mafuta, na ukikosea anwani inakutoza kuisahihisha. Na sanduku la posta kwao si anwani. Wanataka mtaa, nyumba na namba ya simu inayopokelewa.

Umenielewa? Wewe uliumizwa kwa kutuma kitu cha thamani kwenye huduma isiyowajibika kwake. Mdogo wako aliumizwa kwa kutumia huduma nzuri bila kujua inahesabu vipi. Kabla ya bei, swali la kwanza kaunta liwe hili: hiki kikipotea, nani analipa, na analipa kiasi gani?

Tuje kwenye kilo tano zako. Yule kijana hakukuibia, ingawa aliyepokea simu alipaswa kukuuliza vipimo vya boksi na hakukuuliza. Ndege inajaa nafasi kabla haijajaa uzito, kwa hiyo kampuni hizi zinapima vyote viwili, uzito wa mizani na uzito wa ujazo, kisha zinatoza ulio mkubwa. Hesabu ya ujazo ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, halafu unagawa kwa 5,000. Chukua boksi lako: 40 mara 30 mara 20 ni 24,000. Gawa kwa 5,000, unapata 4.8. Wakapandisha, ikawa 5. Ulilipia kusafirisha hewa, pamoja na zile karatasi laini ulizozijaza kwa upendo pembeni.

Blanketi la sufu si kikombe, mwanangu, halivunjiki. Likunje bapa, liweke ndani ya mfuko wa plastiki, ukandamize kwa viganja hewa itoke taratibu, ufunge. Kisha uingize kwenye bahasha ngumu au boksi dogo linalolibana. Ukifika 30 kwa 25 kwa 10, hesabu inakuwa 7,500, gawa kwa 5,000, kilo moja na nusu. Blanketi lile lile, mteja yule yule, na umeshuka kutoka tano. Sufu ikifunguliwa inajinyoosha yenyewe kwa siku moja. Mwandikie mteja kikaratasi, "litandaze usiku mmoja," na hilo linakuwa sehemu ya uzuri wa kupokea kitu kilichofumwa kwa mkono.

Posta kwenye pakiti ndogo wanaangalia mizani, lakini nao wana mipaka. Pakiti ndogo ya kimataifa isizidi kilo 2, upande wake mrefu usizidi sentimita 60, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi 90. Jumlisha boksi lako: 40, 30, 20. Umegusa 90 kamili. Lingevimba kidogo tu katikati, dirishani lingekataliwa au lingehamishiwa kwenye bei ya vifurushi. Ndiyo maana nasema tafuta mabahasha na maboksi yanayolingana na bidhaa, saizi mbili tatu tu, uyapime nyumbani, uandike uzito na vipimo ukutani karibu na unapofungia mizigo. Mdogo wako akiulizwa na mteja gharama za kutuma, asome ukutani, asikisie.

Halafu hili la "zawadi". Moyo wako unasita kwa haki, usiruhusu. Ile karatasi ya forodha, CN22 kwa vitu vidogo na CN23 kwa vyenye thamani ya juu zaidi au vifurushi kamili, ni tamko lenye sahihi yako. Ndani yake kuna kisanduku cha zawadi na kisanduku cha bidhaa iliyouzwa, na wewe unauza. Afisa wa forodha naye ana intaneti, na picha zako zipo huko na bei zake. Lakini hata tukiweka pembeni kuzuiliwa na faini, sikiliza hili linalokuhusu mfukoni: fidia haipandi juu ya thamani uliyoitamka. Ukiandika robo ya bei, kikapotea, utalipwa hiyo robo, na hutakuwa na mdomo wa kulalamika kwa sababu uliiandika mwenyewe. Andika ukweli wa wazi: "blanketi la mtoto, sufu, limefumwa kwa mkono", bei aliyolipa mteja, uzito, na ile namba ya bidhaa ya forodha yenye tarakimu 6 ikiwa wanaiomba. Siku hizi taarifa hizo zinatangulia kwa kompyuta kabla pakiti haijapanda ndege, na zikiwa na maneno kama "nguo" peke yake, ndipo pakiti inapokwama.

Kodi ya upande wa pili huwezi kuikimbia, ila unaweza kuisema mapema. Zamani vitu vidogo vilipita bure nchi nyingi, sasa milango inafungwa mmoja mmoja. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vitu visivyozidi yuro 22 tangu 1 Julai 2021. Marekani iliondoa msamaha wake wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 tangu 29 Agosti 2025, na siku zile mashirika mengi ya posta yalisitisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko, maana hayakuwa na njia ya kukusanya ushuru kwa niaba ya forodha. Kampuni binafsi, ambazo kushughulikia forodha ni kazi yao ya kila siku, ziliendelea kubeba. Hapo ndipo bei yao inapojieleza. Lakini kazi hiyo wanaitoza, na kama hujasema nani atalipa, anadaiwa mpokeaji mlangoni. Ndicho kilichotokea kwako. Siku nyingine uliza kama wana huduma ya kodi kulipwa na mtumaji, kwenye karatasi zao utaikuta imeandikwa DDP. Unalipa kabla, unaiweka kwenye bei ya mteja tangu mwanzo, naye anafungua mlango na kupokea tu.

Kuhusu fidia, wengi wanadhani kampuni ya gharama inalipa kila kitu kikipotea. Hapana. Kwa mizigo inayosafiri kwa ndege kati ya nchi zilizoridhia Mkataba wa Montreal wa 1999, kikomo cha kawaida ni SDR 26 kwa kilo, kiwango kilichoanza mwisho wa Desemba 2024. SDR ni kipimo cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kinachobadilishwa kuwa fedha ya nchi husika. Kinachotazamwa ni kilo za mizani, wala si zile tano za ujazo. Blanketi la gramu 900 linabaki na kikomo kidogo ukilinganisha na wiki zako tatu. Ukitaka thamani kamili, omba bima au tamko la thamani, na ulipie. Posta nao wana ngazi zao: pakiti ya kawaida haina kitu, rejista ina fidia ya kiwango maalumu, bima inalipa hadi thamani uliyotamka. Dai la posta anaanzisha mtumaji, ndani ya miezi sita tangu siku inayofuata ile ya kutuma. Kwenye kampuni, kifurushi kikifika kimeharibika, malalamiko ya maandishi yasipite siku 14. Mwambie mteja apige picha boksi kabla ya kulifungua.

Basi tuzigawe hizo oda sita.

Mbili za humu nchini zisikuumize kichwa. Waulize wateja wenyewe anwani ni ipi. Mwenye sanduku la posta, tuma posta. Mwenye mtaa na simu, kwenye mji ambao kampuni ina ofisi, linganisha bei siku hiyo hiyo na uchague nafuu, mradi kuna namba ya kufuatilia.

Kofia na soksi za nje ni nyepesi na bapa. Hapo posta haina mpinzani, kwa sababu kampuni ina bei ya chini kabisa ambayo gramu 150 haziwezi kuishuka. Lakini ziende kwa rejista, au pakiti yenye ufuatiliaji kama posta yenu inayo, na uulize kama huo ufuatiliaji una fidia ndani yake. Wakati mwingine hauna.

Blanketi la mama anayejifungua baada ya wiki tano lina tarehe. Hilo lipeleke kampuni binafsi, limebanwa vizuri, kodi imelipwa na nyinyi, bima ipo. Mwambie mdogo wako ampigie mama huyo hesabu yote kabla: blanketi, usafiri, kodi. Akisema ni ghali, mpe njia ya posta na muda wake wa kweli, achague mwenyewe. Mtu akichagua mwenyewe anasubiri kwa moyo mwingine.

La sita, la yule aliyekuamini mara ya pili, ningelituma EMS. Ni huduma ya haraka ya posta yenye ufuatiliaji wake, na posta za nchi mbalimbali zimeunganishwa kwenye ushirika wake tangu 1998. Kifurushi kinapokelewa kwa sahihi, na kwa kawaida bei yake iko kati ya rejista na kampuni binafsi. Hakikisha tu nchi anayokaa imo kwenye huduma, na usome kiwango cha fidia kabla ya kusaini.

Kwenye zote sita fanya jambo hili moja. Andika anwani ya mpokeaji na ya kwako kwenye kikaratasi, ukiweke ndani, juu ya bidhaa, kabla ya kufunga. Niliwahi kupokea boksi lililonyeshewa, lebo ya juu imekuwa tope la wino, halisomeki hata herufi. Watu wa kuchambua walilifungua wakakuta karatasi ndani, wakaandika upya anwani yangu kwa kalamu nene, ndivyo lilivyonifikia. Aliyenitumia hakujua kama angekihitaji kile kikaratasi.

Na mdogo wako, kaa naye. Hakukosea kusema posta basi, alikuwa amechoka kuandikiwa na mteja kila asubuhi "kimefika wapi?", maana yeye ndiye anayeshika simu na lawama zilimfikia kabla yako. Mwambie umeliona hilo. Kisha mkabidhi kazi ya ule ukuta: vipimo, uzito, bei za sehemu mbili, herufi za kwanza za namba na maana yake. Ana kichwa cha wateja, mwache aamue kila oda kwa kuutazama ukuta huo.

Kesho asubuhi nendeni wawili. Ukitoka dirishani na lile blanketi la sita, tazama lebo kabla hujakunja risiti. Ikianza na E, niandikie uniambie. Na hili jipya, umelitarizi jina?

Shangazi yako